Kusoma Cheti cha Kidato cha Nne



Baraza la Mitihani likishatangaza matokeo ya kidato cha nne, mara nyingi mwishoni mwa Januari, mazungumzo ya nyumbani, ya kwenye daladala na ya sokoni huwa ni ya namba moja tu. Huyu kapata wani ya kumi, yule thrii ya ishirini na nne, mwingine kapiga ziro. Namba hiyo hutamkwa kana kwamba ndiyo mtoto mwenyewe. Nimefundisha sekondari miaka mingi, nimekaa na wazazi wengi katika siku hizo, na nililokuja kulisema leo ni hili: daraja ndiyo sehemu ya cheti inayotuambia machache kuliko zote. Chini yake kuna mstari wa masomo, somo kwa somo, na karibu milango yote inayofuata, kuanzia kidato cha tano, vyuo vya kati, hadi chuo kikuu, husoma mstari huo. Mzazi asiyeusoma anaweza kumkosesha mwanawe nafasi ambayo ni haki yake, au kumsukuma kwenye njia asiyoiweza, na asijue alichofanya.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana wengi hawajawahi kuelezwa. Nitaita “gredi” zile herufi za kila somo, na “daraja” ile namba ya jumla, ili tusichanganye. Katika mtihani wa kidato cha nne, mtahiniwa aliyepata alama 75 hadi 100 hupewa A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na chini ya 30 ni F. Kila gredi ina pointi zake: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Baraza huchukua masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, hata kama alifanya tisa au kumi, na kujumlisha pointi zake. Aliyepata A zote saba ana pointi 7, na hapana aliye juu yake. Aliyepata F zote ana 35. Kati ya hapo, pointi 7 hadi 17 ni daraja la I, 18 hadi 21 ni la II, 22 hadi 25 ni la III, 26 hadi 33 ni la IV, na 34 hadi 35 ni sifuri.

Mtu akiitazama mipaka hiyo kwa mara ya kwanza hudhani imechaguliwa ovyo. Sivyo. Chukueni ile ya mwisho, 33. Kanuni ya Baraza ni kwamba ili mtahiniwa ahesabiwe amefaulu, awe na angalau D mbili au C moja. D mbili na F tano ni 8 na 25, jumla 33. C moja na F sita ni 3 na 30, jumla 33. Aliyepata D moja tu ana 34, na hiyo ni sifuri. Kwa hiyo mpaka wa 33 ni kanuni ya ufaulu iliyogeuzwa kuwa namba. Vivyo hivyo ule wa 25: C tatu na D nne ni 9 na 16, jumla 25. Anayekwenda kidato cha tano anatakiwa kuwa na C tatu au zaidi, na aliyepata C tatu na kupita kwa D katika masomo yote yaliyobaki anasimama ukingoni kabisa mwa daraja la III. Na 21 ni C saba kamili.

Hapo kwenye C saba naomba mtulie kidogo. Mwanafunzi aliyepata C saba yumo daraja la II. Mwenzake aliyepata C sita, na katika somo la saba akapata alama 44 badala ya 45, ana pointi 22, daraja la III. Tofauti yao inaweza kuwa alama moja katika karatasi moja. Mtaani, hata hivyo, mmoja ataitwa mwenye akili na mwingine ataambiwa alizubaa. Nimeona undugu ukilegea kwa tofauti ya namna hiyo, na iliniuma.

Sasa chukueni watu wawili wenye pointi 23, wote daraja la III. Wa kwanza ana A katika Hisabati, Fizikia na Kemia, na F katika masomo mengine manne. Wa pili ana C tano na D mbili, hana F hata moja. Wa kwanza ni nadra kumpata, nakubali, lakini hesabu inamruhusu awepo, na wapo wanaomkaribia. Kwenye cheti, namba yao ni ile ile. Wa kwanza anaweza kuomba tahasusi ya PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, akiwa na ufaulu wa juu kabisa unaowezekana. Lakini akitaka kwenda chuo cha kati kusomea astashahada, atakwama, kwa sababu utaratibu wa vyuo hivyo unadai ufaulu wa angalau masomo manne yasiyo ya dini, naye amefaulu matatu. Wa pili anaingia chuo cha kati bila shida, na kidato cha tano pia, ila si kila tahasusi: zile C zake ziko katika masomo gani? Kama ziko katika Historia, Jiografia na Kiswahili, HGK inamsubiri. Kama zimetawanyika, moja Biolojia, moja Uraia, nyingine Kiswahili, huenda asipate tahasusi inayoshikamana hata kama ana C tano. Hakuna hata moja ya habari hizo iliyomo katika “thrii ya ishirini na tatu.”

Yuko na wa tatu, ambaye wazazi wake huja wakiwa wamekata tamaa. Ana C tatu, D tatu na F moja. Jumla yake ni 26, daraja la IV. Mtaani amefeli. Uchaguzi wa serikali wa kidato cha tano, unaofanywa na Ofisi ya Rais TAMISEMI, unatazama C tatu pamoja na jumla isiyozidi 25, kwa hiyo jina lake halitatokea kwenye orodha. Lakini C tatu anazo, na C tatu ndizo sifa ya kusajiliwa kwa mtihani wa kidato cha sita. Shule binafsi inaweza kumpokea. Vyuo vya kati vinaweza kumpokea. Mwenye C mbili naye anaweza kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, akarisiti somo moja au mawili, akaitafuta C ya tatu bila kurudi darasani miaka minne. Mambo haya yanajulikana kwa walimu wa taaluma. Ni haki yajulikane kwa mama mwenye genge na baba anayeendesha bajaji.

Tuulize basi namna hii ya kuhesabu ilitoka wapi, na kwa nini namba ndogo ndiyo bora. Ilitoka Uingereza. Kabla ya uhuru, na miaka kadhaa baadaye, wanafunzi wa Tabora, Pugu na shule nyingine chache walifanya mtihani uliotungwa na kusimamiwa na Cambridge, uliowapa gredi za namba kuanzia 1 iliyo bora hadi 9 iliyo ya kufeli, na cheti kilichokuwa na madaraja. Mwishoni mwa miaka ya 1960 nchi zetu tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, zikawa na Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na mwaka 1973 Bunge likatunga Sheria Namba 21 iliyoanzisha Baraza la Mitihani la Tanzania. Kenya ilipata baraza lake mwaka 1980, Uganda mwaka 1983. Kwetu sisi Baraza ni jambo la Muungano, limo katika orodha ya Katiba, na ndiyo maana kijana wa Pemba na kijana wa Kigoma hufanya mtihani mmoja wa kidato cha nne, ingawa elimu ya chini ya hapo Zanzibar ina mamlaka zake.

Wakenya waliuacha mfumo wa madaraja. Tangu mtihani wa kwanza wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari, mwaka 1989 wao hutoa gredi ya wastani kuanzia A yenye pointi 12 hadi E yenye pointi 1, na kwao namba kubwa ndiyo bora. Nalitaja hili kwa sababu mipakani, Namanga, Sirari, Horohoro, familia zina watoto pande zote mbili, na nimesikia mzazi akimsifu mtoto wa dada yake mwenye pointi saba za Kenya akidhani ni zile saba za kwetu. Vyeti vya nje havilinganishwi kwa macho. Baraza ndilo hutoa ulinganifu rasmi, na ni vyema kuuomba mapema kabla ya dirisha la maombi ya chuo kufunguliwa.

Turudi kwenye madaraja yetu. Wakati madaraja hayo yanarithiwa, nafasi za kidato cha tano zilikuwa chache mno na wanafunzi wa sekondari walikuwa wachache. Mtihani ulikuwa na kazi mbili kwa pamoja: kuthibitisha kwamba kijana amejifunza, na kuamua nani aendelee. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, aliona wazi hatari ya kuutegemea mtihani mno. Alieleza kwamba mtihani hupima uwezo wa mtu kukumbuka na kuandika aliyofundishwa ndani ya muda uliowekwa, na haupimi busara yake, tabia yake wala moyo wake wa kutumikia. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaja na dhamira ya kupunguza uzito wa mtihani wa mwisho na kuhesabu pia maendeleo ya kila siku ya mwanafunzi. Urithi wa dhamira hiyo ungalipo: matokeo ya mwisho ya mtahiniwa wa shule yana sehemu inayotokana na tathmini endelevu, na Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili umo ndani yake. Wanafunzi mlio hapa, hasa wa kidato cha pili, lishikeni hilo. Matokeo yenu ya kidato cha nne yameanza kuandikwa.

Hata hivyo, ile kazi ya pili, ya kuchuja, ndiyo iliyobaki kichwani mwetu. Kuanzia mwaka 2004, kwa mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, shule za kata zilijengwa karibu kila mahali, na watoto ambao zamani wangeishia darasa la saba wakaingia sekondari kwa maelfu. Ni moja ya mambo makubwa ambayo nchi hii imeyafanya, nasema hivyo kwa dhati, ingawa nyingi zilianza na walimu wawili, watatu, bila maabara, na mara nyingine bila mwalimu wa Hisabati kabisa. Cheti hakikubadilika kufuatana na mabadiliko hayo. Tukaendelea kukisoma vile vile tulivyokisoma wakati wanafunzi wa kidato cha nne wa nchi nzima ni wachache.

Mwaka 2013 mambo yakapasuka. Mwezi Februari matokeo ya mtihani wa 2012 yalipotangazwa, karibu asilimia 60 ya watahiniwa, zaidi ya vijana 240,000, walikuwa na sifuri. Wengi wenu mnakumbuka. Kulikuwa na vilio, kulikuwa na hasira bungeni, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume iliyoongozwa na Profesa Sifuni Mchome. Mwezi Mei serikali ikayafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya, na yalipotoka tena ufaulu ukapanda kufikia zaidi kidogo ya asilimia 43. Karatasi walizoandika vijana zilikuwa zile zile. Majibu yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni namna ya kuzigeuza alama kuwa gredi: miaka ya nyuma mipaka ya gredi iliweza kusogezwa kulingana na hali ya mtihani wa mwaka huo, na mwaka 2012 ikatumika mipaka isiyosogea.

Naomba hilo lisipite haraka. Maelfu ya vijana walilala na sifuri wakaamka na daraja la IV, na hawakuwa wamejifunza neno jipya usiku ule. Si kwamba Baraza lilikuwa likicheza. Kuweka mipaka ya gredi ni kazi halali na ngumu ambayo kila baraza la mitihani duniani huifanya. Lakini inatuonyesha daraja ni kitu gani. Ni uamuzi wa watu waliokaa mezani kuhusu wapi pakatwe. Alama zinatokana na kijana. Mkato unatokana na sisi wakubwa.

Na mkato ukaendelea kuhama. Mtihani wa mwaka 2013 ulitumia gredi saba, ikiwemo B+ na E, C ikianzia alama 40, na F ikawa na pointi 7, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ikawa 49 badala ya 35. Mtihani wa mwaka 2014 ulitangazwa kwa GPA, wastani wa pointi, na madaraja yakapewa majina badala ya namba. Mwanzoni mwa mwaka 2016 Profesa Joyce Ndalichako, Waziri wa Elimu aliyewahi kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza lenyewe, aliagiza kurudi kwenye madaraja tuliyoyazoea, na matokeo ya mtihani wa 2015 yakatoka hivyo. Vijana wa miaka hiyo sasa ni watu wazima wanaotafuta kazi, nao hubeba vyeti visivyosomeka kwa kipimo kimoja. Ninyi waajiri mliopo hapa, mnapopanga bahasha za maombi kwa kufuata daraja, mtu mwenye pointi 28 za mwaka 2013 na mtu mwenye pointi 28 za mwaka 2017 hawakupimwa kwa rula moja. Angalieni mwaka wa cheti kwanza, kisha masomo yanayohusiana na kazi yenyewe. Kama unatafuta karani wa ghala, tazama Hisabati na Kiingereza. Namba ya juu ya cheti haitakuambia kama anaweza kujumlisha.

Hali ya sasa ni tofauti na ya 2012, na mzazi anapaswa kuielewa bila kujidanganya wala kujikatisha tamaa. Katika mtihani wa mwaka 2023 ufaulu ulitangazwa kuwa asilimia 89. Waliopata daraja la I hadi la III walikuwa takriban asilimia 37. Maana yake zaidi ya nusu ya watahiniwa wote walikuwa daraja la IV. Tangazo lilikuwa sahihi, kanuni ya D mbili inasema wamefaulu, lakini wazazi wengi waliposikia asilimia 89 walidhani karibu kila mtoto anaendelea kidato cha tano. Ndani ya lile daraja la IV kuna tofauti kubwa. Mwenye D nne au zaidi katika masomo yasiyo ya dini ana mlango wa astashahada. Mwenye D mbili ana cheti cha Baraza, ila mlango huo bado umefungwa kwake mpaka aongeze mbili. Mwenye D nne anayetaka Utabibu anatakiwa D zake ziwemo za Biolojia, Kemia na Fizikia. Zikiwa za Uraia, Historia, Jiografia na Kiswahili, aende kwingine. Namba 31, ya D nne na F tatu, haimtofautishi mmoja na mwingine.

Ukisoma masomo badala ya daraja, utaona pia mahali tunapoumia kama nchi. Hisabati, mwaka ule ule wa 2023, ilifaulisha takriban mmoja kati ya wanne. Kiswahili kilifaulisha zaidi ya tisa kati ya kumi. Watoto ni wale wale, madawati ni yale yale. Sababu ni nyingi, upungufu wa walimu wa Hisabati ukiwa wa kwanza. Lakini nasimama hapa kama mwalimu kusema kwamba mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, akapelekwa kidato cha kwanza kukutana na karibu masomo yote kwa Kiingereza, hupimwa lugha kabla ya kupimwa somo. Nimesahihisha majibu ya Biolojia ambayo mtoto alichora mchoro sahihi wa moyo, akaonyesha damu inakoingia na inakotoka, kisha akashindwa kuandika sentensi mbili za maelezo. Alama alizokosa pale hazikuwa za Biolojia. Zimeingia kwenye gredi yake ya Biolojia, zikaingia kwenye daraja lake, na hakuna atakayezitenganisha tena. Somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili. Natamani matokeo yake yakianza kutoka tuyatazame kwa makini na kuyalinganisha.

Kidato cha sita nitakieleza kwa ufupi, kwa sababu ya jambo moja linalowaumiza watu. Huko daraja linatokana na masomo matatu ya tahasusi tu. Gredi ni A, B, C, D, E, S na F, pointi 1 hadi 7, na mipaka ni migumu zaidi: A huanzia alama 80. Daraja la I ni pointi 3 hadi 9, la II ni 10 hadi 12, la III ni 13 hadi 17, la IV ni 18 na 19, na sifuri ni 20 na 21. Kisha mtoto huyo akiomba chuo kikuu, Tume ya Vyuo Vikuu hugeuza kipimo: A inakuwa pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Sasa namba kubwa ndiyo bora. Sharti la msingi ni ufaulu katika masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4.0 kwa kipimo hicho cha pili.

Wekeni wawili mbele yenu. Mmoja ana D, D na F. Kwa kipimo cha Baraza hizo ni 4, 4 na 7, jumla 15, daraja la III. Mwingine ana E tatu: 5 mara tatu, jumla 15, daraja la III pia, na tena yeye hajafeli somo lolote. Kwa kipimo cha Tume, D mbili zinampa wa kwanza 4.0 kamili, na anaweza kuomba shahada ambayo haidai lile somo alilofeli. Masomo mawili bora ya huyo wa pili yanampa 2.0. Hana sifa. Huyu wa pili ndiye ambaye kila mwaka hufika akiwa na daraja la III mkononi, ametuma maombi vyuo vitano, amelipa ada ya maombi mahali kadhaa, na haelewi kwa nini anakataliwa kila mahali wakati rafiki yake mwenye F ameitwa. Hajaonewa. Kanuni iko wazi na imechapishwa. Ila hakuna aliyekaa naye kwa dakika kumi kumwonyesha, na fedha ya mzazi imepotea. Angeelekezwa mapema, stashahada ingemfikisha kwenye shahada kwa njia ndefu kidogo.

Kwa nini watu hufikia kuiba mitihani, kununua na kughushi ili kukipata cheti? Mwezi Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa Dodoma orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa wamefanya kazi miaka mingi, na kazi zao zilionekana. Siwatetei; aliyeghushi alichukua nafasi ya mtu fulani mwaminifu. Lakini idadi ile inaonyesha uzito tulioutundika kwenye karatasi moja. Nafurahi kwamba tangu matokeo yaliyotangazwa Januari 2023 Baraza limeacha kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora kitaifa. Orodha zile ziliuza shule, zilifanya baadhi ya shule ziwafukuze wanafunzi dhaifu kabla ya mtihani ili wastani usishuke, na hazikumsaidia mtoto hata mmoja kujua Kemia.

Mabadiliko mengine yanakuja. Sera ya Elimu na Mafunzo katika toleo lake la mwaka 2023 imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi na mkondo wa amali sambamba na mkondo wa jumla, na tangu mwaka 2024 zipo shule zilizoanza kupokea kidato cha kwanza cha amali. Kijana atamaliza kidato cha nne akiwa amesomea umeme, ushonaji au kilimo pamoja na masomo ya kawaida. Mzazi wa mtoto huyo asipoteze muda kuuliza ni wani au ni thrii. Aulize fundi huyu amepimwa katika stadi zipi na amefikia kiwango gani, maana mwajiri wake atauliza hivyo hivyo. Ninaliombea jambo hili lifanikiwe, na ninaomba walimu wa amali wapatikane kabla mashine hazijaingia kutu.

Nimalizie kwa jambo la kufanyika mwaka huu huu. Mwanafunzi wa kidato cha nne hujaza machaguo ya tahasusi na vyuo kabla ya mtihani, akiwa hajui atapata nini. Wengi hujaza PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, kwa sababu baba anataka daktari. Matokeo yakishatoka, TAMISEMI hufungua mfumo wake kwa muda, na mwanafunzi huruhusiwa kubadilisha machaguo kulingana na ufaulu halisi. Dirisha hilo halilipiwi, na halikai wazi muda mrefu. Mliotoka kwenye shule za mbali, ambako mtandao ni wa kupanda kilimani, mkubaliane na mwalimu wa taaluma sasa hivi, kabla ya likizo, nani atawasaidia siku hiyo na kwa simu ipi. Njooni na nakala ya matokeo. Funikeni daraja kwa kidole, someni masomo moja baada ya jingine, tafuteni matatu yanayokaa pamoja katika tahasusi moja, mhakikishe jumla ya pointi za hayo matatu haizidi 10 na hakuna F. Kama hayapo, hesabuni D zisizo za dini, muone zinafungua chuo gani. Niko hapa mpaka ukumbi ufungwe, na walimu wenzangu wawili wako pale mlangoni na kalamu. Mwenye matokeo ya mtoto wake kwenye simu aje tuyasome pamoja.